Kuhesabu Pete za Pembe: Kuwinda na Kiongozi katika Milima ya Brooks

Sheria za Alaska zinamtaka mgeni ambaye si raia wala mkazi wa Marekani aandamane na kiongozi mwenye leseni kila anapowinda mnyama mkubwa wa aina yoyote. Mmarekani anayetoka jimbo jingine naye hubanwa na sharti hilohilo anapotaka kuwinda dubu wa kahawia, mbuzi wa milimani au kondoo mwitu wa Dall, isipokuwa awe na ndugu wa karibu anayeishi Alaska. Wengi huamini kwamba sharti hili limewekwa kwa ajili ya usalama peke yake, kwa kuwa milima hiyo ina miamba mikali, mito ya maji ya barafu na dubu. Usalama umo, sikatai. Hata hivyo, baada ya kuwinda kondoo wa Dall kaskazini kabisa mwa jimbo hilo, nimeamini kwamba kazi kubwa ya kiongozi ni kumzuia mwindaji asifyatue risasi mpaka umri wa mnyama uwe umejulikana bila shaka.

Safu ya milima ya Brooks imekatiza kaskazini mwa Alaska kutoka magharibi hadi kuingia Yukon nchini Kanada, urefu wa takriban kilomita 1,100, na karibu yote iko ndani ya Duara ya Aktiki. Vilele vyake virefu kabisa havifiki mita 2,800, kwa hiyo mwindaji hasumbuliwi na uhaba wa hewa kama wanavyosumbuliwa wanaowinda Pamir au Himalaya. Kinachomchosha hapa ni mawe. Miteremko imefunikwa na vipande vya miamba vilivyovunjikavunjika, ambavyo huporomoka chini ya kiatu na kumrudisha mtu alikotoka, na mabondeni kumejaa vishungi vya nyasi vinavyoyumba juu ya maji, ambavyo vinaweza kumtegua mtu kifundo cha mguu hata anapotembea mahali tambarare. Aliyejiandaa kwa kupanda ngazi akiwa na mzigo mgongoni, miezi mingi kabla ya safari, ataona faida yake tangu siku ya kwanza. Asiyejiandaa hatasaidiwa na bunduki nzuri.

Ndege ndogo yenye magurudumu mapana ilitushusha juu ya changarawe za ukingo wa mto. Siku hiyo hatukuruhusiwa kuwinda, kwa kuwa aliyesafiri kwa ndege ya namna hiyo hutakiwa kungoja hadi saa 9 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Zaidi ya hayo, tangu msimu unapofunguliwa tarehe 10 Agosti hadi unapofungwa tarehe 20 Septemba, ni marufuku kutumia ndege kutafutia kondoo. Naziunga mkono sheria hizi kwa moyo wote. Mnyama mweupe juu ya mlima wa kijivu huonekana kwa urahisi mno kutoka angani, na anayemtafuta kwa mabawa amemnyima silaha yake kubwa, yaani ukubwa wa mlima wenyewe.

Sehemu kubwa ya uwindaji huu hufanyika mtu akiwa ameketi. Kiongozi wangu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa akipanda alfajiri hadi mahali penye upeo mpana, akasimika darubini kubwa ya miguu mitatu, akaketi juu ya kipande cha sponji na kuanza kuukagua mlima wa ng'ambo kipande kwa kipande, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha sehemu iliyo chini yake, kisha ya chini zaidi, kama mtu asomaye ukurasa. Madume hukaa mbali na majike sehemu kubwa ya mwaka na huchanganyika nao kuelekea mwishoni mwa Novemba na Desemba, wakati wa kupandana. Kwa hiyo bonde lililojaa majike na vitoto vyao laweza lisiwe na dume hata mmoja wa kufaa, na anayeyaona makundi hayo hufungasha hema na kuhamia bonde jingine.

Macho ya kondoo huyu ni makali, na adui zake wa asili, hasa mbwa mwitu, humtokea kutoka chini. Ndiyo maana hupumzika mahali pa juu akiwa ameelekeza uso bondeni, na ndiyo maana mwindaji huzunguka mlima kwa saa nyingi ili amfikie kutoka juu, upande asioutilia shaka sana. Pana pia suala la upepo, ambalo nililiona gumu kuliko kupanda kwenyewe. Usiku na asubuhi na mapema hewa baridi huteremka ikifuata makorongo. Jua likishayapasha mawe, hewa hugeuka na kupanda. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambacho upepo hauna msimamo, huvuma huku mara kule, na harufu ya mtu huweza kufika popote. Kiongozi alibeba kichupa cha unga laini, alikiminya kila baada ya hatua chache na kutazama unga unaelekea wapi. Ulipoelea kuelekea waliko kondoo, tulilala kifudifudi juu ya mawe na kungoja, hata kama wanyama walikuwa karibu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu.

Nifike sasa kwenye pembe. Pembe za kondoo mwitu hazianguki kila mwaka kama za kulungu, bali hukua maisha yake yote. Hukua kwa kasi majira ya kiangazi, hukaribia kusimama wakati wa baridi, na kila zinaposimama huacha mfereji mwembamba unaoizunguka pembe nzima. Pete hizo ndizo miaka yake. Dume huchukua takriban miaka 7 au 8 kukamilisha mzunguko wa pembe, na kanuni za Alaska, katika maeneo mengi, humruhusu mwindaji kuchukua dume aliyetimiza sharti moja kati ya matatu: ncha ya pembe iwe imezunguka nyuzi 360 anapotazamwa kwa ubavu, au ncha za pembe zote mbili ziwe zimevunjika, au awe na umri wa miaka 8 na zaidi kwa hesabu ya pete.

Katika kijitabu cha kanuni hayo ni mambo mepesi. Mlimani tulikuta madume matano wamelala chini ya jabali, na mmoja wao alikuwa na pembe zilizopanuka nje kwa madaha, ncha zake nyembamba zikiwa nzima kabisa. Sikuweza kumtazama mwingine. Kiongozi alijilaza nyuma ya darubini na kungoja mnyama ageuze kichwa, kwa sababu kichwa kikiinama kidogo, au kikimwelekea mtazamaji hata kidogo tu, mzunguko ambao haujatimia huonekana umetimia. Alipogeuka, hesabu ikaanza. Pete zilizo karibu na ncha ziko mbalimbali, kwa kuwa ni za ujana, wakati pembe ilipokuwa ikirefuka upesi. Zilizo karibu na shina zimebanana kiasi cha kutaka kuungana. Na katikati huwamo mikunjo ya uongo isiyozunguka pembe nzima, ambayo mwenye pupa huihesabu kwa furaha. Aliandika tarakimu katika daftari lake, akalifunga, akanipisha kwenye darubini nihesabu mwenyewe bila kuniambia alichokiona. Nilipata sita. Akalifungua daftari, naye alikuwa ameandika sita, na ncha ilikuwa bado haijafika usawa uliotakiwa. "Huyu bado," alisema, akaanza kukunja miguu ya darubini. Hakukuwa na mjadala wala kubembeleza, na heshima yangu kwake ilianza pale.

Sababu ya kisheria iko wazi: anayempiga dume asiyetimiza masharti hunyang'anywa pembe na huweza kushtakiwa, na kiongozi aliyemruhusu huhatarisha leseni yake. Sababu inayonigusa zaidi ni ya kibiolojia. Katika mlima uitwao Ram Mountain, jimboni Alberta nchini Kanada, watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi kondoo wa jamii iliyo karibu na hawa wa Dall, na mwaka 2003 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uwindaji unaochagua madume kwa ukubwa wa pembe ulipunguza ukubwa wa pembe katika vizazi vilivyofuata. Dume aliyejaliwa pembe zinazokua haraka hufikia kipimo cha kisheria akiwa kijana na huuawa kabla hajazalisha sana, huku wenye pembe hafifu wakiachiwa uwanja. Wataalamu wamebishana kuhusu kiasi ambacho jambo hilo hutokea kwingineko, lakini kwangu mimi linatosha kumfanya mwindaji autafute umri kwanza na ukubwa baadaye. Ikumbukwe pia kwamba idadi ya kondoo wa Dall imeshuka katika maeneo kadhaa kwa sababu ya majira magumu ya baridi na theluji inayochelewa kuyeyuka, hata sehemu nyingine zimefungiwa uwindaji. Mlima wa namna hiyo haubebi makosa mengi.

Wapo watakaosema kwamba njia pekee ya kumpenda mnyama ni kutomuua, nami siwadharau, kwa maana kuua si jambo dogo. Hata hivyo, naomba waiangalie Pakistani. Mwaka 1997 mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, CITES, uliiruhusu nchi hiyo mgao wa markhor 6 kwa mwaka, yule mbuzi mwitu mwenye pembe zilizojisokota, na mwaka 2002 mgao ukapandishwa hadi 12. Asilimia 80 ya ada ya kibali huenda kwa jamii zinazoishi na wanyama hao, na jamii hizo zikawa walinzi wao. Mwaka 2015 markhor aliondolewa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kuwekwa katika daraja la wanaokaribia tishio. Uwindaji haukuwa sababu pekee, lakini ulilipia ulinzi, na ulifanikiwa kwa kuwa uligusa madume wachache tu.

Dume tuliyempata hatimaye hakuwa na madaha yoyote. Ncha zote mbili zilikuwa zimevunjika na kusagika, na shina la pembe lilikuwa nene na jeusi. Tulimwona jioni, katika mwanga wa Agosti ambao huko hauondoki upesi, tukamwacha palepale kwa kuwa upepo ulikuwa mbaya. Kesho yake tulipanda kwa nyuma ya mlima na kutokea juu yake. Kipima umbali kilionyesha mita 300, lakini mteremko ulikuwa wa nyuzi 30 hivi kwenda chini, na risasi huvutwa na ardhi kwa kadiri ya umbali wa ulalo, si wa mteremko. Kwa hiyo shabaha iliwekwa kama ya mita 260. Anayesahau hesabu hiyo hupiga juu ya mnyama, au mbaya zaidi, humjeruhi mgongoni.

Dume alikuwa amelala. Kiongozi hakukubali apigwe akiwa hivyo, kwa kuwa mguu na mwamba vilikinga sehemu ya kifua, na alikuwa ameshaniambia tangu kambini kwamba hatampa mtu ruhusa ya kubahatisha. Tulingoja huku nimelaza bunduki juu ya begi, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Alipoinuka alijinyoosha, akasimama ubavu, na kiongozi akarudia hesabu yake mara ya mwisho: "Si chini ya kumi. Ukiwa tayari." Risasi ilipita nyuma tu ya bega. Alikwenda hatua chache akaanguka, nami nilishukuru sana kwamba hakuteseka, shukrani ambayo bado ninayo ninapoandika haya.

Baada ya hapo ni kazi ya kisu na mgongo. Dume mkubwa wa Dall huweza kufikia kilo 130 hivi, na sheria hutaka nyama yote inayolika ibebwe: mapaja, mikono, shingo, mbavu, kidari na minofu ya mgongoni. Pembe haziruhusiwi kuondoka mahali alipoangukia kabla nyama haijaondolewa, au viondoke pamoja. Tulitia nyama katika mifuko inayopitisha hewa, tukaibeba hadi kambini kwa awamu, na kuiweka mbali na hema, mahali pa wazi panapoonekana vizuri, kwa sababu dubu hunusa damu kutoka mbali na hakuna miti ya kuitundika.

Ndani ya siku 30 pembe hupelekwa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, ambako hupimwa, umri huhesabiwa tena, na kizibo cha metali chenye namba hupachikwa katika pembe. Ofisa aliyenipokea alipitisha ukucha katika kila mfereji huku akihesabu kwa sauti ya chini, akaandika miaka 11. Alinieleza kwamba pete kumi zilikuwa zinaonekana, na kwamba ule mwaka wa kwanza ulikatika pamoja na ncha. Kwa hiyo kiongozi, akiwa amelala juu ya mawe na kutazama kwa darubini, alikuwa ameona pete zote zilizobaki kuonekana.

Anayetaka kwenda, na anayepima kiongozi yupi wa kumkabidhi safari yake, aulize swali moja kabla ya kuuliza bei: ni dume gani wa mwisho ambaye kiongozi huyo alimkatalia mteja wake, na alikuwa na pete ngapi. Akijibiwa kwa urefu wa pembe pekee, au kwa picha za wateja wenye furaha, aendelee kutafuta.