Kumbukumbu ya mradi: kelele ya upepo ndani ya kaske, Lubumbashi–Likasi

MEI

Pikipiki ni ya CC 125, nimeinunua mkononi mwa mtu, na mwenyewe wa kwanza aliiwekea kioo cha pleksi (plastiki ngumu inayoona) juu ya taa ya mbele. Kaske (kofia ngumu ya pikipiki) ni ile ya kufunika uso mzima, sponji zake za mashavuni zimeshalala. Mjini sina shida nayo. Kutoka Katuba hadi katikati ya mji, kwa mashimo na foleni zile, nani anafika kilomita 50 kwa saa? Mambo yanaanza nikishaacha mji na kushika 80 kwenye barabara ya Likasi: mngurumo mzito chini ya kidevu, mluzi mwembamba juu ya paji la uso, na kaske nzima inatetemeka kama kuna mtu nyuma anaigonga kwa kiganja. Likasi ni kilomita kama 120. Nikishuka kwenye duka la yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) masikio yanalia mpaka jioni, sijibu ninachoulizwa, naye anadhani nimemnunia.

Waliopima kelele hii Uingereza kwa maikrofoni ndogo ndani ya kaske walikuta desibeli kama 90 kwenye mwendo wa 60 tu, na zaidi ya 100 ukifika 110. Kuanzia mwendo wa 65 hivi upepo unaimeza sauti ya injini, kwa hiyo kubadilisha ekzosti hakutanisaidia kitu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kwa mwendo wangu niko juu ya 90 bila ubishi, na safari inapita saa moja na nusu, halafu kuna kurudi.

Programu ya simu ya kupima desibeli niliiacha haraka. Upepo unapiga maikrofoni yenyewe, namba inapanda hadi mwisho na kugandia hapo, iwe 60 iwe 90. Badala yake nina daftari: mngurumo, mluzi, mtikisiko, kila kimoja alama 1 hadi 5, kipande kilekile cha barabara, mwendo uleule.

Na lazima niandike upande ninaoelekea. Kiangazi upepo wa kwetu unatoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi. Kwenda unasukumwa, kurudi unapambana. Tuseme upepo ni kilomita 15 kwa saa: saa ya pikipiki ikionyesha 80, kwenda kaske inakutana na hewa ya 65, kurudi inakutana na ya 95. Mtu akifunga kifaa kipya Lubumbashi na kukisifia akifika Likasi, anausifia upepo. Kwa hiyo alama ninazoziamini ni za kurudi.

Za kuanzia, kurudi: mngurumo 5, mluzi 3, mtikisiko 5.

JUNI

Jaribio la kwanza halina gharama. Mahali palipo wazi, hakuna lori mbele wala nyuma, nilisimama kidogo juu ya vikanyagio. Kichwa kilipopanda juu ya kioo mtikisiko ukakatika, ikabaki sauti moja laini ya hewa. Nikainama nyuma ya kioo: karibu kimya. Nikakaa kawaida: fujo ileile. Maana yake kaske haina hatia kubwa. Hewa inapita juu ya ncha ya kioo, inavurugika, na fujo hiyo inatua usoni kwangu hasa.

Fundi wangu wa Kamalondo alicheka kabla sijamaliza kueleza. "Mukubwa, ile kelele haitoke ku kaske, inatoka ku kioo. Toa tu."

Nikakitoa. Mtikisiko ukashuka hadi 1, mngurumo 4. Lakini asubuhi za Juni hapa zinashuka chini ya digrii 10, na upepo wote ukahamia kifuani. Nilifika Likasi nimekunja vidole kama vya mzee. Kioo kikarudi, ila kwa urefu mwingine: nilitaka mkondo wa hewa utue mabegani, kichwa kibaki kwenye hewa safi.

Nilikikata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, juu ya mkanda wa gundi ili pleksi isipasuke, kisha nikapiga msasa ncha. Kila mara nilikata kidogo tu, kwa sababu pleksi haikui tena. Jambo lililonishangaza lilikuwa nafasi ya chini. Nyuma ya kioo shinikizo la hewa linakuwa dogo, na hewa ya pembeni inakimbilia kujaza pengo hilo kwa fujo. Nikakisogeza mbele sentimita 2 kwa vipande vya bomba kwenye bulo (bolti) zake, hewa ipite chini yake na kujaza pengo taratibu. Kwenye matundu niliweka washa, yaani pete za mpira, nilizokata kwenye shambrea (mpira wa ndani wa tairi) ya zamani. Pleksi ikibanwa chuma kwa chuma inaanza kupasuka hapo hapo.

Kurudi: mngurumo 4, mluzi 3, mtikisiko 2.

JULAI

Mngurumo uliobaki unaingia kwa chini, shingoni. Nikifunga skafu nene, unapungua. Skafu ikilegea, unarudi. Fundi cherehani wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akanishonea pazia la shingo: nje kitambaa cha koti la mvua la zamani, ndani flaneli, na mpira wa kubana. Ncha zote zinaingia ndani ya jaketi, hakuna kinachoning'inia karibu na mnyororo. Sikutumia gundi. Gundi ya viatu inayeyusha polistireni, ile povu ngumu inayookoa fuvu ukianguka, na inaweza kudhoofisha hata ganda la plastiki. Pazia limechomekwa tu kati ya kitambaa cha ndani na ukingo wa kaske.

Mngurumo 2! Ila vizieri (kioo cha kaske mbele ya macho) ikaanza kushika ukungu alfajiri, kwa kuwa pumzi haina pa kutokea. Nimeacha tundu la kidevuni wazi, na kelele yake naivumilia.

Mluzi ulikuwa wa tundu la juu. Kwenye mwendo wa pole, barabara tupu, niliweka kidole cha mkono wa kushoto juu yake, ukanyamaza. Mkanda mweusi wa umeme umemaliza kazi hadi joto la Oktoba.

AGOSTI

Vizibo vya masikio. Mji huu una migodi, kwa hiyo vile vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kwa bei ya andazi. Kama mtu ana pesa ya kitu kimoja tu, aanzie hapa na aache kioo chake kilivyo. Osha mikono kwanza, maana vumbi jekundu halifai sikioni. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kikiingia nusu hakisaidii sana. Pakiti inaandika kipimo cha maabara. Barabarani utapata pungufu ya hapo.

Yaya alikataa kabisa: "Na honi utazisikia namna gani?" Nazisikia vizuri kuliko zamani. Lori la shaba linapopiga honi nyuma yangu, sauti yake haizami tena ndani ya mngurumo. Mjini navitoa.

Kurudi wiki hii: mngurumo 1, mluzi 1, mtikisiko 2. Huo mtikisiko wa mwisho unakuja nikiwa nyuma ya lori tu, na dawa yake ni kukaa mbali nalo. Zimebaki sponji za mashavuni. Nimeshapima unene wake, natafuta za kaske iliyopasuka, lakini wauzaji wote niliowauliza wanataka niichukue kaske nzima.