Bibi wa katuni ameanza kuongea

Siku tatu nzima nimehangaika na sentensi moja: "Mbona hujampa mbuzi maji?" Sauti ilisharekodiwa, na nzuri kweli. Mdomo ndio uligoma.

Mwanzoni niliiachia programu isome sauti yenyewe. Ikafungua na kufunga kila silabi, bibi akawa kama samaki aliyetolewa majini. Iliniuma, nikafuta yote.

Nikaweka kioo mezani, nikaisema sentensi polepole huku najitazama. Mbo, mpa, mbu, ma: midomo inafungwa mara nne! Hapo ndipo nikaanzia. Kila mfungo nikaupa fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile 24 zinazopita kila sekunde, maana ikiwa moja jicho haliuoni. Kisha vokali: "o" na "u" midomo inaviringa, "a" taya linashuka. J na z nimezipita juu juu tu. Halafu nikausogeza mdomo wote utangulie sauti kwa fremu moja, na hapo bibi akapata uhai.

Jana usiku nimemwonyesha mama. Mdomo hakuutaja kabisa. Ameniuliza, "Kwani huyo mbuzi amefungwa wapi?" Nimelala na furaha jamani.