Pepo za Mbisho

Somo: Matendo ya Mitume 27

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura hii ya safari ya Paulo, mfungwa anayepelekwa Roma kwa merikebu, wengi wetu huifungua na kukimbilia pale malaika anaposimama karibu naye usiku. Yale majina ya mwanzo, Sidoni, Kipro, Mira, Nido, Salmone, tunayapita kama abiria anayesinzia vituo vya daladala. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka juzi nilipoisoma na ramani ya nyuma ya Biblia, kidole kikitembea juu ya bahari.

Roma ilikuwa imeyazidi mashamba yake. Sehemu kubwa ya ngano yake ilitoka Misri, ambako Nile ulifurika kila mwaka na kuacha tope lenye rutuba. Merikebu zilipakia Iskanderia. Shida ni kwamba Roma iko kaskazini-magharibi, na huko huko ndiko upepo wa kiangazi wa bahari ile unakotoka. Basi merikebu ilipanda kwanza kaskazini hadi pwani ya Likia, kusini mwa Uturuki ya leo, halafu ikajikokota kuelekea magharibi, ikijikinga nyuma ya visiwa. Ndiyo maana akida Yulio, askari aliyekuwa akimpeleka Paulo, anaikuta merikebu ya Iskanderia huko Mira, mahali ambapo ukitazama ramani haraka unaona nahodha kapotea njia. Hakupotea. Aliyekulia pwani kwetu, anayejua kwamba kusi na kaskazi havibishaniwi, hahitaji maelezo zaidi.

Wakafika Bandari Nzuri, kusini mwa Krete. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema siku za kufunga zilikuwa zimepita, yaani ile Siku ya Upatanisho, mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Mwandishi mmoja wa Kirumi aliandika kwamba baada ya katikati ya Septemba safari ni za hatari, na kuanzia Novemba 11 hadi Machi 10 bahari imefungwa. Kwa hiyo Paulo alipowaonya kwamba safari italeta hasara hakutoa siri. Luka hasemi hata kwamba Roho alimfunulia. Mtu huyu alikuwa ameshavunjikiwa merikebu mara tatu, na mara moja akakaa kilindini usiku na mchana (2 Wakorintho 11:25). Alikuwa anaijua ile bahari kwa mwili wake.

Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Mahubiri mengi humfanya mpumbavu hapa, na mimi sikubaliani nayo. Bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, na Foinike, bandari nyingine ya Krete, haikuwa mbali. Tena upepo wa kusi ukavuma kidogo kidogo, kama jibu la maombi. Nani kati yetu hajawahi kung'oa nanga kwa upepo wa namna hiyo?

Lakini mbele kidogo ya Bandari Nzuri kuna rasi, na ukishaivuka, pwani ya Krete inakunja kwenda kaskazini na kinga inaisha. Nyuma ya pwani hiyo umesimama mlima Ida, zaidi ya mita 2,400. Upepo ukashuka kutoka kisiwani, na Luka anautaja kwa jina, Eurakilo. Wakasukumwa, wakiogopa mafungu ya mchanga ya Sirti upande wa Libya. Jua halikuonekana wala nyota, siku nyingi.

Mungu hakuisogeza Krete. Hakuuzuia Eurakilo hata usiku mmoja kati ya zile 14. Neno la malaika lilikuwa kwamba watu wote watapona, na merikebu itapotea. Nimeomba mara nyingi nikitaka vyote viwili, mtu na merikebu yake, na sijui kama nina kosa.

Kulipokuwa karibu kucha, Paulo akawasihi wale chakula. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu 276, akaumega, akaanza kula. Nao wakachangamka, wakala. Walipokwisha kushiba wakaitupa baharini ngano, ile ile iliyoitoa merikebu Iskanderia.