Nilivyompeleka bi mkubwa kwenye mtumbwi Kerala bila kulala kwenye boti la watalii

Sisi tunaokwenda India kwa matibabu mara nyingi tunaijua nchi ile kwa korido za hospitali tu, ukirudi watu wanakuuliza India ikoje unawaambia foleni ya vipimo na chakula cha pilipili, basi. Mimi nilikuwa Kochi, mji wa jimbo la Kerala kusini mwa India, na mama, goti lake limeshatibiwa, daktari kasema abaki siku kadhaa afanye mazoezi kabla ya kumuona mara ya mwisho, atembee taratibu, asijifungie ndani. Sasa kukaa gesti na bi mkubwa mzaliwa wa Makunduchi ambae kila asubuhi anakuuliza "leo tunakwenda wapi mwanangu", jamani. Nikasema huyu nampeleka majini.

Ukimuuliza mtu yeyote pale habari ya maji ya Kerala atakutajia boti zile kubwa zenye paa la makuti, wanaziita kettuvallam, zamani zilikuwa za kubebea mpunga na viungo kwenda bandarini, leo zina vitanda, AC, mpishi na tivii. Nzuri sikatai, kwa fungate nzuri sana. Ila bei yake kwa usiku mmoja ilikuwa inakaribia hela ya gesti yetu ya wiki, halafu lile dude halipiti kwenye mifereji midogo ambako ndiko watu wanakoishi, linazunguka ziwani na injini inanguruma, na kwenye saa kumi na moja na nusu jioni linafungwa ukingoni maana usiku ni zamu ya wavuvi kutega nyavu zao. Mimi nilitaka mtumbwi wa kuendeshwa kwa mkono. Na mama goti bovu. Hapo ndo kazi ilipokuwa.

Tulichofanya tulipanda treni ya asubuhi Ernakulam, stesheni ya hapo hapo Kochi, kwenda Alappuzha, wenyewe wengi bado wanasema Alleppey, ni kama kilomita 57, nauli ya kawaida haifiki elfu mbili ya kwetu. Kutoka stesheni bajaji mpaka gati la boti. Pale gatini sasa jiandae, madalali watakuja na albamu za picha na kila mmoja binamu yake ana boti, we tabasamu pita. Nenda moja kwa moja kwenye boti za serikali, zile za idara ya usafiri wa majini ya jimbo, ni daladala kabisa, zinabeba wanafunzi, walimu, kina mama na vikapu vya samaki, unalipa sarafu chache unapewa tiketi. Kondakta alivyomuona mama na fimbo yake akamuinua kijana mmoja pale mbele, mama akakaa dirishani. Kwa kweli hata ukiishia kwenye hiyo boti tu ukarudi nayo, hela yako haijapotea.

Tulishuka Kainakary, kijiji ambacho huwezi kusema kipo nchi kavu wala majini, nyumba zimejipanga juu ya tuta jembamba, mbele mfereji, nyuma shamba la mpunga. Nikaingia kibanda cha chai nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, nani ana vallam, yaani mtumbwi, ya kutuzungusha taratibu, mzee mgonjwa wa mguu. Wakamwita baba mmoja wa makamo kafunga msuli mweupe, na hapa ndo bahati ilipotushukia, maana alipomsikia mama ananinong'oneza "huyu asitupandishie bei" jamaa akacheka akasema "habari mama". Kumbe kafanya kazi Muscat, Omani, miaka mingi, dereva wa familia moja ya Kiomani ambayo nyumbani kwao walikuwa wanaongea Kiswahili tupu, wale wenye asili ya Unguja. Watu wa Kerala wamejaa Ghuba, na Muscat Kiswahili sio kigeni, kwa hiyo ukilifikiria wala si ajabu, ila mama alibaki mdomo wazi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha sokoni, kikiisha anaingiza Kiarabu, na mama Kiarabu cha madrasa anacho kidogo, wakaelewana wao nikabaki mimi ndo wa kutafsiriwa.

Alianza na bei ya kila kichwa kwa saa, nikamwambia tupatane mtumbwi mzima mpaka mchana, tukafika rupia 1,500, kama elfu arobaini na tano hivi. Sio rahisi kuliko zote lakini hakukuwa na dalali katikati, hela yote imeingia mfukoni mwake.

Kuhusu goti, mtumbwi uko chini sana na ukuta wa mfereji uko juu, mtu mzima hawezi kujirusha. Jamaa akaenda kuleta kiti cha plastiki chenye mikono akakiweka katikati ya mtumbwi, chini akatandika gunia kisiteleze, akausogeza mtumbwi mpaka kwenye ngazi za mawe ambazo akina mama wanafulia nguo, pale ngazi ya chini kabisa iko sawa na maji. Mama akakaa kwanza kwenye ngazi, akageuza miguu yote miwili kwa pamoja, mimi nimeshika kwapa huku, yeye jamaa kasimama majini anashikilia mtumbwi usicheze, hop, kakaa kitini kama bibi harusi. Ukiwa na mgonjwa wa miguu ulizia ngazi za kufulia kabla ya bei, usikubali kupandishwa gatini.

Jamaa akasimama nyuma na pondo, sehemu ya kina kirefu anashika kafi. Sikusikia kitu zaidi ya maji na redio za majumbani. Mnandi wamekaa wameanika mabawa, mdiria wa buluu kwenye kila waya, watu wanaosha masufuria wanatupungia. Tukapishana na mchungaji wa bata, yaani mtu na kamtumbwi kake peke yake anaswaga mamia ya bata mtoni kwa fimbo ndefu, wakishavuna mpunga bata ndo wanaingizwa shambani kuokota zilizodondoka.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni yale mashamba. Unakaa kwenye mtumbwi unaangalia pembeni, unategemea shamba liwe juu yako, kumbe liko chini. Unalitazama kwa chini! Sehemu kubwa ya eneo lile, linaitwa Kuttanad, wanalima chini ya usawa wa bahari, kuna sehemu mita 2 na kitu, ardhi waliipora ziwani, ziwa la Vembanad, babu zao walizamia udongo kwa mikono wakajenga matuta wakapampu maji nje, na mpaka leo pampu zisipofanya kazi mpunga umekwenda. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza ukulima huo kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani 2013. Halafu kuna lile bwawa la milango la Thanneermukkom, kiangazi linafungwa ili maji ya chumvi yasipande kuua mpunga, mkulima anafurahi, mvuvi analia kwa sababu samaki na kamba hawapiti, na chumvi isipoingia magugu maji yanastawi. Magugu maji yale yale ya Ziwa Victoria, ndugu zangu wa Mwanza mnayajua. Kuna mfereji tulishindwa kupita kabisa, jamaa akageuza. Kwenye ukuta wa nyumba moja akatuonyesha kwa pondo alama ya maji ya mafuriko ya Agosti 2018, ilikuwa juu ya dirisha, na hakuongeza neno.

Mama yeye mpunga haukumshughulisha sana, macho yake yalikuwa kwenye kamba iliyofungia mtumbwi. Akaivuta akaisugua, akasema hii ni usumba hii, imesokotwa vizuri. Jamaa akamuuliza kwenu nanyi mnafanya? Basi mama akafunguka, wao utotoni Makunduchi walikuwa wanafukia makumbi ya nazi pwani yanakaa miezi, wanayafukua, wanayaponda kwa rungu, wanasokota kamba kwa viganja mpaka vinapauka. Jamaa anasema kwao ni hivyo hivyo, makumbi yanalowekwa majini miezi na miezi, ukweni kwake wote wameishi kwa kamba, Alappuzha kiwanda cha kwanza cha mikeka ya usumba kilifunguliwa 1859. Kisha wote wawili kwa wakati mmoja wakaziba pua. Harufu ya makumbi yaliyooza haihitaji lugha. Akaeleza na zile boti kubwa, mbao zake zinashonwa kwa kamba hizo hizo bila msumari, zinapakwa mafuta meusi ya korosho, nikamwambia na sisi pwani tulikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa, limeshakufa sasa, kwao limegeuka hoteli. Sijui lipi bora.

Mchana tukala kwa dada yake jamaa, barazani, mama bila kushuka ngazi nyingi. Muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki. Ndio, muhogo, wanauita kappa, ulienea kwa nguvu karne ya 19 mfalme mmoja wa Travancore, ufalme wa zamani wa kule, alipouhimiza kwa ajili ya njaa, na leo ndo chakula cha heshima. Mchuzi una ukwaju fulani mweusi wa kwao unakwaruza ulimi, nazi humo humo. Kulikuwa na karimeen wa kukaanga pia, samaki mpana mwenye miiba ya uchoyo. Jirani pale wanauza tembo la mnazi, sisi tukapewa dafu.

Kama unataka kwenda, nenda kuanzia Disemba mpaka Februari, tulikwenda Januari kaskazi ikivuma, upepo ule ule uliokuwa unaleta majahazi ya Kihindi kwetu, mvua hakuna. Juni mpaka Septemba ni masika yao makubwa, na Oktoba Novemba mvua inarudi tena, kwa mgonjwa usithubutu. Ondoka asubuhi mapema, saa sita jua linachoma mtumbwi hauna paa, mama nilimshikia mwavuli mpaka mkono ukafa ganzi. Beba noti ndogo ndogo. Na choo malizia kwenye kibanda cha chai kabla hujapanda, hili nalisema kwa wenye wazazi.

Kurudi tulikamata boti ya serikali ya saa tisa na treni ya jioni, imejaa wafanyakazi balaa, mama kapata siti, mimi nimesimama mlangoni mpaka Ernakulam, na yeye bado anamhadithia Mhindi wa watu habari za makumbi kwa Kiswahili.