Kumbukumbu ya mradi wangu: siku moja iliyopotea kwenye epoki

Jioni ya nne. Programu niliyoiandika ilisema Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kingechomoza kaskazini-magharibi. Anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Nilisubiri dakika kumi na tano, hakikuonekana.

Nilirudi kukagua mistari miwili ya data inayoeleza obiti ya kituo, yaani njia yake ya kuizunguka dunia. Mstari wa pili sikuuona na kosa: mwinamo wa obiti kutoka ikweta nyuzi 51.6, mizunguko 15.5 kwa siku, na ule uduara usio kamili unaoandikwa bila nukta ya desimali (mtego huu nilishauruka wiki iliyopita). Basi nikauangalia mstari wa kwanza, kwenye epoki, yaani ule wakati ambao namba zote nyingine zinauelezea.

Ilisomeka 25067.54166667. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, 2025. Zinazofuata ni siku ya 67 ya mwaka, na desimali ni sehemu ya siku iliyokwisha kupita tangu saa sita usiku kwa UTC (saa rasmi ya dunia). Ukizidisha 0.54166667 kwa 24 unapata 13, kwa hiyo ni saa 13:00 UTC. Hapo nilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye siku: Januari mosi ni siku ya 1, lakini programu yangu iliihesabu kuwa siku ya 0. Machi 8 ikageuka Machi 9.

Siku moja ni mizunguko 15 na nusu, na ile nusu ndiyo iliyoniumiza. Wakati nakitazamia juu ya kichwa changu, kituo kilikuwa karibu upande wa pili wa dunia.

Jioni ya tano. Nimetoa 1, kituo kimepita, king'avu ajabu. Nilishangilia peke yangu gizani.

Kisha nikajaribu kwa makusudi data ya wiki mbili nyuma. Njia angani ilikuwa karibu ileile, ila kituo kilitangulia kwa sekunde kadhaa. Hewa nyembamba ya juu hukivuta, obiti hushuka, na obiti ikishuka mzunguko huwa mfupi zaidi. Kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde, sekunde hizo ni masafa marefu.

Sasa programu inaonyesha umri wa epoki kabla ya utabiri wowote, na ukizidi siku tatu inanionya. Kesho naanza kurekodi tofauti kati ya utabiri na hali halisi kwa saa ya kupimia, kila mara kituo kinapopita.