Kilichomtoa mzee chumbani ni kifungo

Naanza kazi ya ulezi kwenye kituo cha wazee nilijiona najua kila kitu, kumbe wapi. Kuna mzee mmoja alikuwa hatoki chumbani, chakula anarudisha nusu, ukimpa shikamoo anaitikia marahaba halafu anageukia ukutani, ndo imeisha hiyo. Mi nikasema huyu ni mpweke, dawa yake watu, nikaita kikundi wakaja na maboksi ya zawadi, wakaimba, wakapiga picha, wakaondoka. Jioni hakugusa hata chakula. Nilivyomuuliza akanijibu, "Mwanangu, nimechoka kushukuru."

Neno hilo lilinikaa wiki nzima, maana kweli pale anaogeshwa, anapangiwa hadi saa ya kulala, ila hakuna anayemhitaji yeye kwa lolote.

Sasa siku moja koti langu la kazi likang'oka kifungo, na nilijua zamani alikuwa fundi cherehani, nikampelekea, "Baba, nisaidie hapa." Akanyoosha mkono tu. Uzi akaulowesha mdomoni akausokota, sindano akaielekeza dirishani, vidole vinatetemeka, ukapita pembeni, mara ya pili vilevile, mi natamani nimtungie lakini nikajikaza nikatulia, kama dakika kumi hivi mpaka ukaingia. Alipomaliza akanirushia koti, "Hivi vingine nani kakushonea? Vyote vitadondoka."

Baada ya hapo nguo zikaanza kuja zenyewe, akahamishia kiti koridoni kufuata mwanga, na bibi wa chumba cha pili akawa anamtungia uzi huku wakibishana kutwa. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1976 huko Marekani wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin waliwapa wazee wa kituo kimoja mimea waitunze wenyewe na kuwaachia wajiamulie mambo yao, baada ya wiki 3 wakawa wachangamfu kuliko wale ambao mimea yao ilimwagiliwa na manesi. Nikacheka peke yangu.

Siyo wote lakini. Kuna mama anayepoteza kumbukumbu nilimpa taulo akunje akaogopa hadi akalia, tukaacha, yeye alichotaka ni kuamshwa na sura ileile kila asubuhi.

Uongozi nao ulihofia sindano, tukakubaliana zikae kwenye kopo na zihesabiwe kila jioni. Anazihesabu mwenyewe, na juzi kanigombeza eti moja nimeondoka nayo.