Mpira Haubebwi

Neno la wiki: "Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." (Wagalatia 6:2)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Waliopitia UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, wanaujua vizuri mpira wa pete. Kila upande una wachezaji 7, na aliyeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Mguu uliotangulia kutua ndio unaomfunga: anaweza kugeuka juu yake, hata kuunyanyua, lakini akiukanyagisha tena kabla mpira haujamtoka mikononi, filimbi inalia. Na ana sekunde 3 tu za kukaa nao. Zikipita, mpira wanapewa wapinzani. Hata binti mwenye mbio kuliko wote kiwanjani, akishaudaka, hafiki golini bila mwenzake.

Hivyo ndivyo Paulo anavyotutaka tuishi na mizigo ya moyo. Tena anaiwekea muda: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26).

Anayetazama kutoka pembeni huona sekunde 3 ni chache mno. Lakini mchezaji mzuri haanzi kutafuta wa kumpasia baada ya kudaka. Macho yake yalishazunguka kiwanja mpira ukiwa bado hewani. Wanaopulizwa filimbi ni wale wanaodaka kwanza, ndipo waanze kuangaza. Baba anaachishwa kazi Jumatatu, na wiki ya tatu bado anaamka alfajiri, anavaa na kutoka nyumbani kama kawaida. Tusiharakishe kumwita mwenye kiburi. Mara nyingi hakuwahi kujiuliza, siku za amani, ni nani angempasia siku ya shida.

Pasi nayo ina namna yake. Mpokeaji hunyoosha mkono upande anaotaka mpira, na mpira hutupwa pale anapoelekea, si pale alipokuwa. Ukimtupia asiyekutazama, utampiga usoni. Basi usimmwagie mtu habari nzito kwenye simu akiwa amesimama ndani ya daladala. Anza kwa kuuliza: "Dada, una dakika 10 za kunisikiliza?" Akisema hana, panga naye saa. Akisema anazo, litaje jambo lenyewe kwa sentensi moja, halafu useme unachohitaji: ushauri, maombi, au sikio tu. Hiki cha mwisho ndicho tunachokisahau, na ndicho kinachoharibu mazungumzo mengi ya ndoa. Mmoja alitaka sikio, akapewa mahubiri.

Na ukishapasi, kazi yako haijaisha. Anayetoa mpira hukimbia papo hapo kutafuta nafasi ya kurudishiwa. Ndiyo maana Wagalatia sura hiyohiyo ya 6, mstari wa 5, inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Umeombewa na kushauriwa. Kesho yake barua ya kuomba kazi utaiandika wewe.

Kwa anayesikiliza kuna kipimo kingine. Mlinzi hutakiwa kukaa umbali wa sentimita 90 kutoka mguu wa mwenye mpira. Huyo ni mpinzani, na bado sheria inamtaka aache nafasi. Sisi ndugu tunamkatiza mtu kabla hajamaliza sentensi ya pili. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno (Ayubu 2:13). Hapo walifanya vyema kabisa. Waliharibu walipofungua vinywa.

Sheria ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote kwa kanisa ni ya theluthi. Kiwanja kina urefu wa mita 30.5, nacho kimegawanywa sehemu tatu sawa. Mpira hauruhusiwi kurushwa kuvuka sehemu nzima bila mchezaji aliye ndani yake kuugusa. Pasi ndefu ya kuruka watu wa kati ni kosa, hata ikidakwa vizuri. Sasa soma Mathayo 18:15-17. Ndugu yako amekukosa: kwanza nenda, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asipowasikiliza hao, ndipo kanisa liambiwe. Hatua ni tatu. Sisi tunarusha moja kwa moja hadi kwa mchungaji, au kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na aliyekosa anaisikia habari yake mwenyewe kwa mtu wa nne. Hata akiwa na kosa kweli, sasa ana aibu ya kujitetea badala ya nafasi ya kutubu.

Lakini damu ikionekana kiwanjani, mwamuzi husimamisha mchezo na majeruhi hutolewa akatibiwe. Mama anayepigwa nyumbani, au mtoto anayeingiliwa, asiambiwe aende "peke yenu" kwa anayemuumiza. Huyo apelekwe mahali salama, na hospitali na dawati la jinsia la polisi wahusishwe siku hiyohiyo.

Zoezi la wiki hii: andika majina mawili ya watu ambao ungewapasia kesho kama jambo lingekupata leo usiku. Kisha, kabla ya Jumapili, mfuate kila mmoja umuulize: "Nikiwa na mzigo, naweza kuja kwako?" Usikilize jibu lake lote. Halafu muulize na yeye huwa anamwendea nani.